Hiace ya mizigo, Kongowea hadi Diani: nijue nini kabla sijatoa pesa?

MbogaDiani

Asalaam aleikum nyote, na habari za jioni. Nasambaza mboga, matunda na mayai kutoka soko la Kongowea hadi hoteli na nyumba za wageni kule Diani. Siku zote nakodi gari ya mtu, na nikipiga hesabu naona namjengea yeye nyumba. Sasa kuna Toyota Hiace boksi, ya mizigo isiyo na viti vya abiria, nimeonyeshwa, dizeli 3.0, gia ya mkono, imetumika hapa hapa Mombasa. Mwenyewe asema ilikuwa ya kusambaza mikate. Rangi yang'aa, ndani yanukia sabuni, na injini imeoshwa ikatakata. Bei iko chini kidogo ya wenzake, na hilo ndilo lanitia wasiwasi.

Tafadhali msiniambie Hiace ni gari nzuri, hilo kila mtu ashaniambia. Nataka kujua huharibika wapi, na mwezi mzima barabarani yala kiasi gani.

FundiDizeli

Waaleikum salaam dada. Injini iliyotakata ndiyo ya kwanza kuitilia shaka. Gari ya kazi huwa na vumbi, na vumbi ndilo hukuonyesha oili yavujia wapi. Mtu akiosha injini siku ya kuuza, amefuta ushahidi.

Hiyo 3.0 ya D-4D ni injini ya 1KD-FTV. Si injini mbaya, ila ina ugonjwa mmoja ambao watu huuona ukiwa ushaua. Chini ya kila nozo, yaani kipulizia dizeli, kuna washa ndogo ya shaba. Washa ikichoka, moto wa ndani ya silinda hupenya kandoni mwa nozo na kupanda hadi chini ya tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini. Masizi yale yakichanganyika na oili huwa tope jeusi zito. Tope huteremka mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na mle ndani kuna kichungio ambacho pampu ya oili hunyonyea. Kikiziba, pampu yanyonya hewa. Tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, hufa kwanza kwa sababu ndiyo yenye mwendo mkali na haina subira ya kukosa oili, halafu beringi za krenki zafuata, kisha wasikia injini "imenoki". Mwenye gari atakwambia aliuziwa tabo feki. Tabo haina kosa.

Kwa hivyo fanya hivi. Nenda asubuhi, na umwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Injini ya Hiace iko chini ya viti vya mbele, basi inua kiti uweke mkono. Ikiwa ya moto, ameshaipasha, na kuna kitu hataki ukione ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha kutilia oili, upapase kwa kidole upande wa ndani. Oili ya dizeli huwa nyeusi, hilo lisikutishe. Kinachotisha ni makoko magumu, au chenga zinazobanduka ukikwaruza. Ukiikuta hali hiyo, rudi nyumbani.

Pia mwambie ashushe sampu, gharama ya oili mpya na gasketi ulipe wewe. Akikataa, umepata jibu bure.

PetroliTu

Nunua ya petroli na mambo haya yote hutayajua. 1TR ya 2.0 au 2TR ya 2.7, zote za cheni, hakuna taimingi belti (mkanda unaooanisha valvu na pistoni), hakuna tabo, hakuna nozo za bei ya ng'ombe. Mwatesana na dizeli kwa mazoea tu.

FundiDizeli

@PetroliTu usemayo kuhusu injini ni kweli kabisa. Lakini yeye abeba mzigo kila siku. 2.0 yenye tani moja ya viazi kwenye mlima wa kutoka feri upande wa Likoni, dereva ataikanyaga mpaka mwisho, na petroli ataiona ikishuka kwa macho. Kwa mtu wa safari fupi za mjini na mzigo mwepesi, nami ningemwambia achukue petroli.

TajiriWaStegi

Mimi nina matatu za abiria kumi na nne, si boksi, lakini chuma ni kile kile. Mwanangu, bei ya kununua isikushughulishe sana, maana hiyo walipa mara moja. Ngoja nikupigie hesabu jinsi ninavyopiga zangu.

Tuseme waenda kilomita 120 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 3,000. Gari yenye mzigo, foleni ya feri, foleni ya daraja la Nyali, ichukulie kilomita 9 kwa lita, asikudanganye mtu na 12. Hapo wahitaji lita 333. Ukiweka dizeli shilingi 170, hiyo ni kama 56,600. Bei halisi iangalie kila tarehe 14, EPRA, mamlaka ya nishati, wanapotangaza, na hapa Mombasa huwa tuko chini kidogo ya Nairobi kwa sababu mafuta yateremkia kwetu. Ukumbuke VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi wa Julai 2023.

Magurudumu nayo. Hiace yataka 195 R15 za mzigo, plai 8, si zile za saluni. Ukinunua manne kwa 48,000 na yakakufikisha kilomita 40,000, ni shilingi moja na senti ishirini kila kilomita, yaani 3,600 kwa mwezi. Sevisi ya kila kilomita 5,000 nimeiwekea 10,000, kwa sababu 1KD yameza karibu lita saba za oili, na filta ya oili na ya dizeli zabadilishwa pamoja. Hiyo ni 6,000 kwa mwezi.

Sasa lile fungu ambalo watu hawaliweki. Nozo nne, klachi, taimingi belti, shokamzoba, starta, rejeta. Havifi siku moja lakini vyote vitakufa. Mimi hutenga shilingi 4 kwa kila kilomita. Kwako wewe ni 12,000 kwa mwezi, na iwe akaunti nyengine, si M-Pesa yako ya kila siku, maana utaila.

Jumla imefika 78,200, na bado hujamlipa dereva, hujalipa bima, hujalipa feri wala maegesho ya kaunti. Hizo tarakimu badilisha zako, lakini mafungu usipunguze hata moja.

MbogaDiani

Mzee nimesoma mara mbili na nimeketi chini. Shukran sana. Ninakokodi sasa nalipa zaidi ya hiyo, lakini si kwa mbali kama nilivyodhani.

TajiriWaStegi

Ndiyo maana nikakupa tarakimu. Kuna miezi ya mwaka ambapo hoteli za Diani ni tupu. Gari ya kukodi mwezi huo huikodi. Ya kwako yala hata imelala.

MamaSamaki_Likoni

Nyote mwaongea injini. Mimi nabeba samaki na barafu, na gari zangu haziuawi na injini hata siku moja. Zauawa na kutu.

Bibi, ikiwa utavuka feri kila siku, sikiliza. Maji ya bahari hupanda kwenye lile daraja la kushukia, gurudumu laingia likarusha chini ya gari. Chumvi ile haiondoki kwa mvua. Yajificha ndani ya vitanda vya chesi, ile fremu ya chini, kwenye vishikio vya springi za nyuma, na kwenye mapaipu ya breki. Hata usipovuka feri, upepo wetu wa pwani una chumvi, muulize aliyejenga Nyali akaweka madirisha ya chuma.

Ukienda kuitazama hiyo gari, chukua sumaku ndogo na bisibisi. Sumaku ipitishe chini ya mlango wa kusukuma, kwenye kona za juu ya magurudumu ya nyuma, na kwenye mfereji wa paa. Pasiposhika, hapo pamezibwa kwa pati na kupigwa rangi. Kisha lala chini. Nguo utafua. Bisibisi igonge chesi taratibu kuanzia mbele kurudi nyuma, sikiliza. Chuma kizima chalia, kilichooza chajibu "bu". Ile reli ya chini ya mlango wa kusukuma ndiyo hujaza mchanga na maji, mlango unaanza kukwama, mtu anausukuma kwa bega, mwisho roda yavunjika ukiwa na mzigo ndani.

Na mikate haimwagi maji. Ukiona sakafu ya hiyo gari imewekwa mkeka mpya wa plastiki, ufunue. Nina hakika kuna mwenzangu wa samaki aliyeipitia.

DereMtwapa

😂😂 Mama kasema kweli. Niliwahi kuendesha moja "ya mikate", mvua ikinyesha yatoa harufu ya dagaa.

Mimi ni dere tu, sina gari, lakini niongeze ya huku nyuma ya usukani. Hiace mbele ina boli jointi, viungo vinavyoshika magurudumu, na barabara zetu zazimaliza. Ikianza kugonga "ko ko" ukipita matuta polepole, usingoje mwisho wa mwezi. Boli jointi ikichomoka gurudumu lalala chini na gari yakwenda itakako. Tajiri wengi huweka za bei rahisi, zakaa miezi michache, halafu kila ukibadilisha walipa tena na alaimenti, ukijumlisha ni bei ya zile nzuri.

Nyuma kuna majani ya springi. Watu huongeza majani ili ibebe zaidi. Itabeba, sikatai. Lakini ekseli, beringi na breki havikuongezwa. Tena kuna valvu ya breki kule nyuma yenye mkono unaopima uzito wa mzigo, ikiliwa na kutu yaganda. Ikiganda, siku huna mzigo magurudumu ya nyuma yateleza, siku una mzigo gari haisimami. Mafundi wengi hawaitazami, wabadilisha breki shuu tu na kukwambia tayari.

Kijana_Buxton

Kwa nini msimwambie aagize Japani moja kwa moja? Bandari iko hapa mlangoni.

FundiDizeli

Aweza, ila ajue anachoagiza. Sheria yetu hairuhusu gari iliyopita miaka 8. Toyota waliacha kutia 1KD kwenye Hiace za Japani mwishoni mwa 2017, wakaleta 1GD ya 2.8. Kwa hivyo dizeli itakayoshuka bandarini sasa ni hiyo 2.8, na zile 3.0 zote unazoziona sokoni ni zilizokuwa hapa tangu zamani.

2.8 ina cheni badala ya belti, hilo ni afueni. Lakini zile za Japani zina chujio la masizi kwenye egzosi na tangi dogo la maji ya urea, wenyewe huyaita AdBlue. Urea ikiisha, kompyuta yakuonya mapema, ukipuuza gari ukiizima haiwaki tena. Nimeitwa Ukunda usiku kwa gari ambayo mwenyewe alishafungua pampu yote ya dizeli. Ilikuwa imekosa urea. Kingine, usimruhusu mtu atie urea kwenye tangi la dizeli. Nacheka lakini hutokea, kifuniko chake ni cha buluu na makanga hasomi.

Chujio la masizi nalo lataka gari ikimbie, ipate moto wa kuyachoma masizi yale. Foleni ya feri haliipendi. Mpe dereva njia ya Dongo Kundu mara kwa mara, au apige mbio ya kweli kwenda Msambweni, lijisafishe. Januari 2015 dizeli yetu iliwekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni, ya Japani ni 10. Yavumilika, ila haliwezi kukaa safi kama kwao.

Kijana_Buxton

Si walitoe tu? Kuna jamaa Majengo huyakata na kuchomelea paipu.

FundiDizeli

Wakikata chuma bila kushughulikia kompyuta, gari yaingia hali ya kujilinda, haivuti, taa zawaka dashibodi nzima. Halafu waniletea mimi.

MbogaDiani

Nimerudi. Nilikwenda leo asubuhi na fundi mmoja jirani yangu wa Kisauni. Injini ilikuwa baridi, iliwaka vizuri, ila yatetema kidogo ikiwa imesimama bila kukanyagwa, kisha yatulia ikipata moto. Kifuniko cha oili kisafi. Fundi alichomeka mashini ya kusoma, nozo ya tatu ilionyesha namba kubwa kuliko wenzake. Mwenyewe kakubali sampu ishushwe Jumamosi. Taa ya T-BELT, ile ya kukumbusha kubadilisha taimingi belti, haijawaka, kilomita zasoma 93,000. Chini sikuona shimo, lakini kishikio kimoja cha springi kimemenyeka.

FundiDizeli

93,000 kwa gari ya mikate? Tazama pedali ya klachi na breki, mpira umelika au ni mpya? Tazama usukani ulipozoea kushikwa. Kilomita hurudishwa nyuma hapa mjini kwa bei ya chai na mahamri, na ile taa ya T-BELT huzimwa kwa kubonyeza tu, haijui kama belti ilibadilishwa. Kama hakuna karatasi wala stika iliyoandikwa tarehe na kilomita, chukulia belti haijabadilishwa. Mimi huibadilisha ifikapo 100,000, wengine hungoja 150,000. Ikikatika, valvu zapigana na pistoni, na hapo huzungumzi tena belti, wazungumza hedi, kichwa cha injini. Badilisha pamoja na tenshena, na wotapampu wakati uko pale pale.

Nozo ya tatu: namba ile ni marekebisho ambayo kompyuta hufanya ili silinda zifanane. Injini ikiwa moto, ikivuka 3 juu au chini, nozo hiyo yaelekea kufa. Mpya ya asli ni makumi ya maelfu ya shilingi kwa moja, na ziko nne. Za kufufuliwa zipo, ila mwambie aliyezifufua akupe karatasi ya kipimo. Hata ukibadilisha moja tu, washa za shaba badilisha zote nne.

Kutetema ikiwa baridi huenda pia ikawa ile valvu ya kwenye pampu, SCV. Hiyo ni nafuu, anzia hapo kabla hujauziwa pampu nzima. Na maji kwenye filta ya dizeli uyamwage, hewa yetu ina unyevu na tangi likikaa nusu usiku kucha maji hujikusanya.

TajiriWaStegi

Kwa hiyo mwanangu, chukua bei ya belti kamili, nozo moja, na kuchomelea kishikio, umpunguzie mwenyewe mezani. Usimwambie "punguza kidogo". Mwambie hiki ni kiasi gani, hiki ni kiasi gani, na karatasi iko hapa. Na malipo yasipite mkononi kabla ya umiliki kuhamishwa kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, jina lako ulione mwenyewe.

MamaSamaki_Likoni

Kishikio kimoja kilichomenyeka, cha pili chafuata. Fundi wako aligonga pande zote mbili?

MbogaDiani

Aligonga zote mama, ule wa kulia walia vizuri. Nitarudi nao Jumamosi.

Swali jengine: bima. Dalali aniambia nichukue ile ya mizigo yangu mwenyewe, ni nafuu. Lakini nikirudi kutoka Diani gari ni tupu, na kuna watu wa nazi Msambweni wataka niwabebee kwa malipo.

TajiriWaStegi

Hapo ndipo watu huumia. Bima ya kubeba mzigo wako ni tofauti na ya kubeba mzigo wa watu kwa malipo. Ukipata ajali na nazi za mtu aliyekulipa, kampuni ya bima ina haki ya kukwambia hukukata bima ya kazi hiyo. Ukitaka kubeba nazi, kata ile ya pili kabisa, uongeze tofauti yake kwenye nauli ya nazi. Kama haitoshi kulipia tofauti, biashara ya nazi haikufai.

Bado kuna kodi ya awali ya KRA, mamlaka ya ushuru, kwa gari za biashara. Kwa gari ya mizigo ni 2,500 kwa kila tani au 5,000 kwa mwaka, ile iliyo kubwa. Wewe ni tani moja, basi 5,000. Haipotei, yahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, kwa hivyo risiti usitupe. Ukaguzi wa NTSA ni kila mwaka, na bila cheti cha ukaguzi polisi wa Likoni watakufanya rafiki yao.

DereMtwapa

😂 Marafiki wa kila asubuhi.

Kijana_Buxton

Nissan Caravan je? Zaonekana zimeanza kuwa nyingi.

FundiDizeli

NV350 ni gari ya starehe na bei yake ya kununua ni afadhali. Ina YD25 ya dizeli, ya cheni. Tatizo langu ni spea. Za Hiace nazipata mjini hata saa mbili za usiku, duka hili likikosa la pili linayo. Za NV350 mara nyengine nangojea basi kutoka Nairobi. Gari ya mboga haiwezi kungoja basi.

MbogaDiani

Mama Samaki, la mwisho kwako. Nikiichukua, kutu naizuiaje? Kuna mtu anitakia pesa nyingi kwa kupaka lami chini.

MamaSamaki_Likoni

Lami juu ya kutu ni kuifunikia iendelee kula gizani. Kwanza ioshwe chini kwa maji ya mfereji yenye nguvu, ikauke juani siku mbili, kilichooza kikatwe na kuchomelewa, kilichobaki kipigwe brashi ya waya na rangi ya kuzuia kutu. Hapo ndipo upake. Ndani ya vitanda vya chesi lami haifiki, huko mimi napulizia oili nyepesi kupitia yale matundu, kila baada ya mvua za masika. Na usizibe matundu ya kutolea maji, hao wapakaji huyaziba yote kwa uvivu.

Halafu mwambie dereva, kila jioni akishavuka feri ya mwisho, apitishe hosi chini ya gari. Maji ya mfereji, si ya kisima. Visima vingi vya Likoni vina chumvi yake vile vile.